Mistari Mitatu Uliyonichorea Kitabuni

Mpwa wangu Evelina,

Mguu wangu wa kulia umekufa ganzi na nimelala kwenye kitanda chako. Naanza na hayo mawili usije ukayasikia kwa watu kwanza, maana pale Kibirizi tayari wanasema nimekatwa. Sijakatwa. Mashine ya boti, ya farasi arobaini, iliniangukia tulipokuwa tunaishusha ufukweni. Kamba iliteleza mikononi mwa wapagazi, na mimi sikukimbia kwa sababu mimi sikimbii mashine. Na mashine ndiyo iliyoumia zaidi. Yenyewe ilipasuka kifuniko ikapinda na propela, mimi nimevunjika mifupa miwili tu, midogo, ambayo hata daktari alihangaika kuyakumbuka majina yake. Amenifunga hogo la plasta gumu kama saruji mpaka gotini, akasema miezi miwili bila kukanyaga. Kwangu Ujiji unapajua, kuna zile ngazi. Mama yako akaamuru niletwe hapa kwake Mwanga, na chumba kilichokuwa wazi ni chako.

Barua hii naiandika wazi. Nikimaliza, nakala moja itabandikwa kwenye mlango wa karakana yangu Kibirizi, pale pale nilipokaa miaka miwili nikiwaambia watu kwamba Evelina hakusema na mtu, maana angesema angeniambia mimi mjomba wake. Nilidanganya mbele za watu, basi nasahihisha mbele za watu. Atakayecheka acheke, ila asome mpaka mwisho. Kosa langu mimi lilikuwa hilo, sikusoma.

Unakumbuka Jumamosi zetu ulipokuwa mdogo? Mama yako anaanika dagaa kwenye mchanga, wewe umekaa juu ya rundo la nyavu, mimi nafungua mashine ya mtu na nakupigia hadithi. Ile ya mashine iliyozima katikati ya ziwa, Kongo hakuonekani, Kigoma hakuonekani, na mimi nikaruka majini na kamba nimeiuma kwa meno, nikaivuta boti na abiria wake sitini mpaka nchi kavu, wanaimba njia nzima. Ukanikazia macho.

"Mjomba, juzi ulisema abiria arobaini."

"Wengine walizaliwa njiani," nikakwambia.

Ulicheka mpaka ukaanguka kwenye nyavu. Nadhani hicho ndicho kilichoniharibu, kile kicheko chako. Mtu akishachekewa hivyo na mtoto, ukweli unakuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Kisha ukasoma, ukawa mwalimu, ukapangiwa shule huko Kalinzi. Kila Ijumaa unashuka na pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mkobani umebeba kahawa ya huko na riwaya. Ulinipa ya kwanza ukasema, "Mjomba, hizi siyo zile za shuleni. Hizi ni za sasa hivi, walioziandika wako hai, wanatembea. Wewe ndiye mtu wa hadithi kwenye ukoo huu. Nisipoongea na wewe nitaongea na nani?"

Ningesemaje? Siku zote nimesema nilifika kidato cha pili. Ni kweli nilifika, tulipeleka madawati. Darasani niliishia la tano, na tangu hapo nilichosoma ni namba za plagi na maandishi ya kwenye makopo ya oili. Lakini nilipokea kitabu chako kwa mikono miwili, nikakiweka rafuni kati ya kopo la grisi na boksi la plagi, kikakaa wiki mbili. Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilichovya kidole gumba kwenye grisi nikapiga alama, ukurasa huu, naruka, ukurasa ule, naruka, sitazami hata kilichoandikwa, ili ionekane mkono wa fundi umepita mle ndani. Nikakurudishia nikasema, "Kitabu kizuri, lakini mwisho wake ningeuandika vingine." Vilivyofuata navyo nikavifanya hivyo hivyo. Na wewe ukaniamini. Au labda hukuniamini. Hilo nimelifikiria sana kwenye kitanda hiki na sijapata jibu.

Sasa nikwambie nilivyovisoma kweli. Boksi lako la sabuni liko chini ya kitanda, vitabu vitatu. Siku ya kwanza mama yako aliniona nainama kulivuta, akasema kutoka mlangoni, "Usiguse vitu vya watu." Kutoka mlangoni, Evelina. Humu haingii. Chakula anakiweka kizingitini, na mimi nakivuta kwa mkongojo kama mtu anayevua. Ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa kuchoma na mchuzi wake, navuta taratibu mchuzi usimwagike. Hatuongei. Yeye anasema "chakula", mimi nasema "asante, dada", basi.

Nilianza na kile chenye jalada la njano na mwanamke mwenye mwavuli. Nilinunuliwa miwani ya kusomea pale sokoni, ile ya kupanga mezani, nikaletewa kadhaa nijaribu moja moja mpaka herufi zitulie. Kurasa nne siku ya kwanza. Kumi siku ya tano. Karani wa mahakama amehamiwa na mama yake mzazi, wanagombana kuhusu redio. Hicho tu! Kurasa mia moja, redio. Nilikasirika. Nikasema huyu mwandishi angekuja Kibirizi asubuhi moja tu angepata vitabu sita. Hakuna anayekufa, hakuna anayefumaniwa. Mama anazima redio, karani anaiwasha, mama anazima. Halafu siku moja karani anarudi kazini, redio imewashwa, mama anaisikiliza peke yake, anatikisa kichwa. Naye karani anarudi nje, anasubiri ukutani mpaka wimbo uishe. Nikakifunga kitabu hapo. Sikulia, mimi tangu uondoke hakuna kinacholia humu ndani, lakini sikuweza kuendelea siku ile.

Na pembeni ya ukurasa huo nikakuta mwandiko wako wa penseli. "Mjomba, bibi naye alikuwa hivi?"

Nilikaa nimelishika hilo swali. Unajua nilipokurudishia kitabu hicho nilikwambia nini? Nilikwambia yule karani alistahili kufungwa. Ukauliza, "Kufungwa kwa lipi, mjomba?" Nikasema, "Kwa hayo hayo." Ukacheka, ukasema nina jicho la peke yangu. Hakuna jela hata moja mle ndani, Evelina. Basi nakujibu leo. Ndiyo, bibi yako alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akimzimia babu yako redio anasema betri zinachoka, na babu akienda shambani anaiwasha yeye.

Cha pili ni kile chenye buti mbili kwenye jalada. Mtu anarudi kijijini kutoka machimboni, hana kitu, lakini amevaa buti nzuri. Watu wanadhani ametajirika, naye hakanushi. Anaahidi kisima, anaahidi bati za zahanati. Kila mtu anaanza kuishi kwa kutegemea ahadi zake. Mmoja anamwachisha mwanaye kazi, mwingine anabomoa nyumba ya udongo akisubiri matofali. Nilisoma najikuna. Huyu mwandishi kanijuaje? Tena muongo wake simkubali, anadanganya kiuvivu. Kuna mahali anasema aliwahi kufufua mashine ya boti kwa kuivuta kamba mara moja, ikawaka. Mashine iliyoingia maji haifufuki hivyo. Unafungua plagi, unakausha, unasafisha kabureta, ndipo unavuta, na bado unatukana kidogo. Mwandishi angeniuliza ningempa uongo wenye vipimo.

Pembeni umeandika, "Huyu ni wewe, mjomba, ila wewe huumizi mtu."

Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi. Wakati huo bado nilikuwa naiamini.

Nikupe maoni yangu ya jumla kuhusu hizi riwaya za siku hizi, maana ulikuwa ukiyataka na ulistahili kupata ya kweli. Hazimalizi. Hadithi za zamani mbaya anaanguka shimoni, mwema anaoa, mzee mmoja anasimama anaeleza fundisho, mnaenda kulala. Hizi zinakuacha barabarani. Yule mwenye buti hakuadhibiwa. Ukurasa wa mwisho anapiga buti zake dawa, anaondoka, na kijiji kinabaki na mashimo ya misingi. Mwanzoni nilidhani kurasa zimechanika. Nikahesabu, zimetimia. Sijui niseme nilipenda. Nilibaki nayo tu, kama mtu aliyekaa kando ya mgonjwa.

Mama yako alianza kusikiliza kwenye hicho cha pili. Mimi siwezi kusoma bila kutoa sauti, herufi zangu zinapitia mdomoni. Yeye akirudi sokoni anakaa koridoni anachambua dagaa, anatoa mchanga. Siku moja nimefika mahali yule mwenye buti anaahidi kisima, nikasikia kutoka nje, "Rudia hapo."

"Hapo wapi, dada?"

"Hapo alipowaambia maji yatakuja kabla ya masika. Muongo yule. Rudia."

Nikarudia. Kesho yake akaleta kigoda karibu zaidi. Kesho kutwa kigoda kikafika kizingitini, ungo mapajani, mgongo umeelekea koridoni ili asiangalie chumba. Nilisoma, yeye alichambua. Nikikosea neno ananisubiri. Nikikohoa anasema, "Usianze maigizo." Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyokuwa nayo tangu uondoke, na yalikuwa ya mtu mwenye buti.

Kitabu cha tatu, kile chenye mlango kwenye jalada. Hicho ndicho.

Lakini nianze na siku uliyokuja kukichukua. Ilikuwa Ijumaa, wiki ya kabla ya Pasaka, nina kabureta mkononi. Wavuvi wawili wananisubiri niwamalizie. Ulikuja kwa miguu, ukapiga magoti kwenye ule mchanga wenye mafuta, ukapiga makofi taratibu, ukasema, "Mwidiwe, mjomba," kama wazee wa Kalinzi wanavyoamkiana. Hujanisalimia hivyo tangu una miaka saba. Nikacheka.

"Leo una nini, mwalimu? Unataka kuniomba ng'ombe?"

"Nataka kitabu changu."

Nikakutolea rafuni. Ukakifungua hapo hapo, ukaenda moja kwa moja mahali fulani katikati. Nilidhani unakagua kama nimekichafua.

"Umefika hapa, mjomba," ukasema. Sauti yako ilikuwa ndogo.

"Nimefika hapo na nimepita. Hata namba za kurasa nimezisoma."

"Mbona hukuandika?"

"Mimi siandiki kwenye vitabu. Wanaoandika ni wale wasiojua kusema."

"Haya. Sema."

Evelina, ungenikuta peke yangu labda ningejiumauma. Lakini wale wavuvi walikuwa wanatazama, na mimi mbele ya watu sijawahi kushindwa neno. Nilijua tu kwamba kitabu kina msichana na kina nyumba, uliwahi kunidokeza. Nikanyanyua kabureta kama padri.

"Aende zake! Mtu mzima na akili zake timamu anaomba ruhusa ya nini? Angekuwa binti yangu ningemwambia, mlango huo hapo, kanyaga."

"Una hakika, mjomba?"

"Mimi? Lini umeniona sina hakika?"

Ukanitazama kidogo. Ukasema, "Asante, mjomba." Ukakifunga kitabu, ukaniwekea pakiti ya kahawa juu ya benchi, ukaondoka. Nikawageukia wale wavuvi nikawaambia, mnaona, mwalimu mzima anashuka milima kuja kuniuliza mimi mambo ya vitabu.

Baada ya Pasaka mabasi yaliyokuwa yakiwarudisha wakimbizi Burundi yaliondoka kutoka kambini, na wewe ulikuwa ndani pamoja na Dezire wako na wazazi wake. Fundi cherehani mpole, alinishonea suruali mbili, sina neno baya juu yake. Mama yako naye hakuwa na neno baya juu yake. Alichosema ni kimoja tu. "Watu hawa leo wapo, kesho wamepakiwa. Mwanangu ni mmoja. Nikitaka kumwona nitapanda basi lipi?" Ndiyo maana alifunga mlango wa posa. Wewe unajua tangu baba yako afariki, mshenga akija kwenye nyumba hii anayekaa kumpokea ni mimi. Na mimi sikujua kwamba kuna mshenga anayetaka kuja.

Mama yako alisema, "Ameondoka bila kusema na mtu." Nikasema, "Angeniambia mimi." Yeye akasema, "Hakutuona watu." Nikaitikia. Niliitikia, Evelina, kila mara. Tulipoletewa habari na yule mama anayeleta mawese kutoka Rumonge, huko Burundi, kwamba umejifungua mtoto wa kike, mama yako alisema, "Nani?" Akaendelea kupima dagaa wa mteja. Hakuwa na hasira usoni. Hakuwa na kitu.

Sasa nimelala kitandani kwako, dada yuko kizingitini na ungo wake, nasoma cha mlango. Msichana ni muuguzi, anataka kuhama nyumba ya wazazi, anafunga sanduku, anafungua, anafunga. Ni kizuri hiki kuliko vyote, nisikufiche. Mwandishi anajua sanduku lilivyo zito likiwa tupu. Sura ya tisa ikaisha nusu ya ukurasa, na kwenye nusu iliyobaki, nyeupe, kulikuwa na penseli yako. Mimi nasoma kwa mdomo, nilishasema. Mdomo ukatangulia kabla sijaelewa.

"Mjomba, hapa acha kusoma habari za huyu msichana, soma zangu."

Nikasogeza miwani puani.

"Mbona umenyamaza?" dada akauliza.

"Sura imeisha."

"Imeishia kwa mjomba? Alikuwa na mjomba huyo?"

"Yumo. Atakuja mbele."

Nikasoma yaliyobaki kimya kimya. Mara ya kwanza maishani mwangu nimesoma bila sauti. Uliandika kwamba Dezire na wazazi wake wanaondoka baada ya Pasaka, na kabla hawajaondoka wanataka kutuma mshenga. Kwamba mama amekataa. Kwamba mama ananisikiliza mimi peke yangu. "Ukikubali kumpokea mshenga mimi nitabaki, tutafuata taratibu zote, hata mwaka mzima. Ukiona bora niende, nitaenda. Siwezi kukwambia kwa mdomo kwa sababu utaigeuza hadithi na watu watacheka. Niandikie hapa." Na chini umenichorea mistari mitatu kwa rula, kama unavyowachorea watoto wako wa darasa la kwanza.

Juu ya pembe ya ukurasa huo, palipoandikwa Mjomba, pana kidole changu cha grisi. Kimekaa vizuri kabisa. Hata mistari ya ngozi inaonekana. Ukurasa wowote ule ningeweza kupiga, nikapiga huo.

Ungetegemea nikwambie nilipiga kelele. Sikupiga. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Nje mtu alikuwa anapigilia bati. Nilihesabu misumari.

Siku tatu zilizofuata nilifanya ninachokijua. Nilimsomea mama yako kitabu ambacho hakipo. Nimekishika, nageuza kurasa, natunga. Yule muuguzi akapata mchumba mwenye meli. Baba yake akaangukia kisimani akatolewa na mamba aliyekuwa anamdai shukrani. Siku ya tatu dada akasimamisha mkono kwenye ungo.

"Anselmi."

"Naam, dada."

"Hicho kitabu kimeharibika. Mwanzo alikuwa anaongea mtu mwingine. Sasa hivi unaongea wewe."

"Ni huyo huyo, dada, waandishi wa siku hizi hubadilika."

"Mimi nimekulea. Najua uongo wako unavyopumua." Akageuka, mara ya kwanza akatazama ndani ya chumba. "Soma kitabu."

Nikamsomea. Kila neno lako, kuanzia "hapa acha kusoma". Sikuongeza, sikupunguza. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia kuanzia mama amekataa." Nikarudia. Akasema, "Rudia hapo kwenye mwaka." Nikarudia. "Hata mwaka mzima," akasema mwenyewe, polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya watu. "Alikuwa tayari kunisubiri mwaka mzima."

Kisha akauliza, "Na wewe ulimjibu nini?"

Hapo nilikuwa na majibu mengi, Evelina. Hata mguu mmoja kwenye hogo ningeweza kutoa matano mazuri. Nikasema, "Sikuwa nimesoma, dada. Nilimwambia aende."

Aliweka ungo chini. Akavuka kizingiti. Akakaa kwenye kitanda chako, upande wa miguu yangu, na kitanda kikalia kama kinavyolia. Sikujua kama atanipiga. Alikishika kidole gumba cha mguu kinachochungulia kwenye hogo, akakifinya kwa kucha.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akafinya tena, kwa nguvu zote za mtu anayebeba magunia. "Sasa?"

"Sisikii, dada."

"Mimi hivyo hivyo," akasema. "Miaka miwili. Nikadhani ni uzee."

Tukakaa. Hatukukumbatiana. Baadaye akaniuliza kalamu iko wapi. Nikaandika kwenye mistari yako. "Sikusoma, mwanangu. Nisamehe. Mshenga aje hata leo, nitampokea mimi na nitanyamaza." Unaujua mwandiko wangu, herufi kama magurudumu. Mistari miwili ikaisha na wa tatu nikaula zaidi ya nusu. Dada akachungulia.

"Umeimaliza yote! Hata kwenye mistari unajitanua? Mimi nitakaa wapi?"

Akachovya kidole gumba chake kwenye kopo la grisi nililokuja nalo la kulainishia mkongojo, akakibonyeza kwenye kile kipande kilichobaki. Akakipuliza kama wino. Kwa hiyo utaviona vidole viwili ukurasa huo. Cha juu ni cha uongo. Cha chini ni cha mama yako.

Akatoka, nikamsikia anavuta gunia koridoni. Akarudi na kitenge kipya, cha bluu na ndege, kimekunjwa na kinanuka dagaa. Unajua kwetu bibi ndiye anayetoa kitenge cha kwanza cha kumbebea mtoto mgongoni. Nikauliza amekinunua lini. Akasema, "Siku ile ile ya mama wa mawese. Unadhani sikusikia?"

Basi kitabu kinakuja kimefungwa humo, na yule mama wa mawese ndiye atakayekivusha. Kifue kitenge mara mbili. Nakala ya barua hii imo ndani. Mshenga akija aje mchana, mimi niko hapa hapa, siwezi kwenda popote. Mtoto hujatuambia jina lake. Mama yako hajaniuliza, lakini jana alisimama na ungo bila kuchambua, akasema, "Atakuwa anakaa sasa, bila kushikwa." Nikasema, "Bila shaka." Nilisema tu.

Kurasa zilizobaki baada ya mistari yako hatujazisoma. Wakati nafunga kamba dada aliniuliza kinaishaje, yule msichana na sanduku lake anarudi au harudi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanitazama.

Nikasema sijui.

Ukae salama huko, na wenzako wote wa nyumbani.

Mimi mjomba wako.